Shamba Moja, Wenyewe Wawili: Haki ya Ardhi Burundi Baada ya Vita

Katika tambarare ya Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, shamba moja la michikichi laweza kudaiwa na familia mbili, na zote zikawa na haki. Ya kwanza ilikimbia mauaji ya mwaka 1972, ikaishia katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, Mishamo au Ulyankulu, magharibi mwa Tanzania. Ya pili iligawiwa shamba hilo na serikali baadaye, au ililinunua kwa aliyegawiwa; imepanda, imekamua mawese, imezika wazee wake palepale. Tumezoea kuianza haki ya mpito kwa kumtafuta mkosaji na mkosewa. Hapa aliyekosa ni dola, nayo haikai shambani. Ninalodai ni kwamba deni la dola lisilipwe na mkulima.

Mkataba wa amani wa Arusha wa Agosti 2000 ulikuwa umeliona jambo hili: mkimbizi arudishiwe mali yake, hasa ardhi, na isipowezekana alipwe fidia ya haki. Ahadi ya kwanza ilipata tume. Ya pili haikupata fedha. Tume ya ardhi, CNTB, iliyoundwa mwaka 2006, ilianza kwa kusuluhisha, na mara nyingi shamba likakatwa katikati. Kuanzia 2011 ikabadili msimamo na kumrudishia mkimbizi shamba zima. Waliotakiwa kuhama wakakataa, na mwaka 2015 upinzani wa wakazi wa mkoa wa Makamba ukailazimisha serikali kusitisha utekelezaji wa maamuzi hayo.

Watasema wengine kwamba kugawana ni kuhalalisha unyang'anyi. Pingamizi hili ni zito, tena sheria ya ardhi ya mwaka 1986 inalitia nguvu: ilimpa umiliki aliyekalia ardhi kwa miaka 30, kana kwamba mkimbizi alilitelekeza shamba lake kwa uvivu. Simtetei mkaaji kwa sheria hiyo. Namtetea kwa kuwa wakaaji wengi walipokea ardhi mikononi mwa serikali, wakiwa na karatasi zake. Na kukata katikati nako hakutoshi, maana kaya ya Burundi hulima kwa wastani kama nusu hekta; robo hekta haiwalishi watoto sita, awe baba yao amerudi au hakuwahi kuondoka.

Ndiyo maana fidia ndiyo kiini cha suala, ingawa tume za ukweli ndizo zinazovuta macho. (Mapema 2020 mabaki ya watu zaidi ya 6,000 yalifukuliwa na tume ya ukweli mkoani Karusi, kazi iliyostahili kufanywa, lakini kesi za mashamba zilibaki zilipokuwa.) Wanaosema serikali ni maskini wanasahau kwamba fidia si lazima iwe noti. CNTB hiyohiyo ilikabidhiwa jukumu la kuorodhesha ardhi ya umma na kuirejesha ile iliyogawiwa kinyume cha sheria. Jukumu hilo linagusa wakubwa, si wakulima wawili wa Rumonge, na ndilo lililosukumwa kwa nguvu ndogo kuliko yote.