Goti Likilia, Usiache Kutembea

Mazungumzo kuhusu afya ya magoti, yaliyoandaliwa kusomwa katika mabaraza ya wananchi, mikutano ya vikundi na kliniki za kaunti



Mazungumzo ya leo yanaanza na mama mmoja. Hana jina, kwa sababu anaweza kuwa mkazi yeyote wa kaunti hii. Ana miaka 56. Amechuma chai tangu alipoolewa, kikapu mgongoni, akipanda na kushuka mteremko kati ya shamba na kituo cha kupimia majani. Asubuhi moja alichuchumaa kuwasha moto, na alipoinuka goti likalia: ka! Mjukuu alisikia, akacheka. Mama hakucheka. Jirani alimwambia kwamba mafuta ya magoti yamekwisha, na kwamba akiendelea kutembea mifupa itasagana mpaka ashindwe kusimama.

Tangu siku hiyo mama alianza kujihurumia. Aliacha kwenda shamba la juu. Kanisani, mahali alipokuwa akienda kwa miguu, sasa alipanda bodaboda. Maji alichotewa. Miezi 6 baadaye goti lilikuwa bado linalia, ila sasa lilikuwa pia linauma, na paja lilikuwa limenywea. Je, ni kitu gani kilichomuumiza mama huyu? Ni ile kelele, au ni ule ushauri?

Kelele hutoka wapi

Goti ni mahali mfupa wa paja unapokutana na mfupa wa muundi, na mbele yake kuna mfupa mdogo uitwao pia ya goti. Ncha za mifupa hiyo zimefunikwa na gegedu, ile nyama nyeupe, ngumu na laini kwa kuteleza, ambayo kila mtu ameiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Ndani ya kiungo kuna ute unaosaidia mifupa kuteleza.

Kelele za goti zina vyanzo kadhaa. Cha kwanza ni hewa. Ndani ya ute mna gesi iliyoyeyuka, kama ilivyo kwenye soda. Kiungo kikivutwa au kukunjwa ghafla, nafasi hupanuka, mgandamizo hushuka, na kiputo hutokea kwa mlio. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, nchini Canada, walipiga picha za ndani ya vidole vilivyokuwa vikivutwa, wakaona nafasi ya hewa ikifunguka wakati uleule mlio uliposikika. Ndiyo maana kidole kikishalia, huwezi kukiliza tena papo hapo. Kinahitaji muda kidogo.

Chanzo cha pili ni kano, zile kamba ngumu zinazoshika misuli na mifupa. Goti likikunjwa, kano inaweza kuruka juu ya kifundo cha mfupa, kama kamba ya mbuzi inavyoruka juu ya jiwe. Cha tatu ni pia ya goti yenyewe, inayoteleza kwenye mfereji wa mfupa wa paja. Ukiweka kiganja juu ya goti na kulikunja, unaweza kuhisi mkwaruzo kama mchanga. Mkwaruzo huo huongezeka kadiri umri unavyosonga, na watu wengi wasio na maumivu yoyote wanao.

Kwa hiyo kelele peke yake, bila maumivu na bila uvimbe, si ugonjwa. Wala kulia kwa kiungo hakukiozeshi. Daktari mmoja wa Marekani, Donald Unger, aliviliza vidole vya mkono wake wa kushoto kila siku kwa zaidi ya miaka 50, akauacha wa kulia. Mwaka 1998 aliandika kwamba hakuona ugonjwa wa viungo katika mkono wowote, wala tofauti kati ya ile miwili. Mikono ya mtu mmoja haimalizi mjadala, lakini inatosha kupunguza hofu.

Habari ya mafuta kwisha

Maneno “mafuta ya magoti yamekwisha” yamesambaa sana, na yamewauzia watu vitu vingi sokoni. Ukweli ni kwamba ute wa goti zima ni kidogo sana, haujazi hata kijiko cha chai. Hutengenezwa na utando wa ndani ya kiungo chenyewe, kila siku ya maisha. Maji ya bamia na supu ya miguu ya ng'ombe ni chakula kizuri, lakini vikifika tumboni husagwa kama chakula kingine. Havina njia ya kwenda kumiminika gotini.

Jambo ambalo jirani hakulijua ni hili: gegedu haina mishipa ya damu. Hupata chakula chake kutoka kwenye ule ute, na huupata kwa kuminywa na kuachiliwa, kama sponji ndani ya maji. Kila hatua ni mnyweo mmoja. Mtu akikaa kitini mwezi mzima kwa kuogopa kelele, gegedu hukosa chakula, na misuli inayolishikilia goti hunyauka.

Na misuli hiyo ina kazi nzito. Kutembea mahali tambarare kunaliwekea goti mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 analibebesha goti kati ya kilo 140 na 210 kwa kila hatua, kabla hajajitwika mtungi wa lita 20, ambao ni kilo 20 zaidi. Kwenye ngazi na miteremko mzigo huongezeka. Misuli ya paja ikiwa na nguvu, hupokea sehemu ya mzigo huo. Ikilegea, kiungo hubaki peke yake.

Uzito nao una hesabu yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, juu ya wazee wanene wenye magoti yaliyochakaa, ulionyesha kwamba kila kilo moja iliyopunguzwa mwilini iliondoa takriban kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua.

Mazoezi matano ya nyumbani

Mazoezi haya hayahitaji mashine wala ada. Yanahitaji mkeka, kiti imara na dakika 20, siku tatu au nne kwa wiki.

La kwanza, kukaza paja. Lala chali au keti mkekani, mguu umenyooka. Weka leso iliyokunjwa chini ya goti. Ligandamize goti chini kana kwamba unaiponda leso, hesabu hadi 5, achilia. Mara 10 kila mguu.

La pili, kuinua mguu. Lala chali, kunja goti moja, nyoosha mguu wa pili. Kaza paja, inua mguu ulionyooka kiasi cha futi moja, hesabu hadi 3, ushushe polepole. Mara 10, kisha badilisha.

La tatu, kuinua nyonga. Lala chali, magoti yote yamekunjwa, nyayo chini. Inua makalio hadi mwili unyooke kutoka mabegani hadi magotini, hesabu hadi 3, shuka. Mara 10. Zoezi hili huimarisha makalio na nyuma ya paja.

La nne, kusimama na kuketi. Keti kwenye kiti kilichoegemezwa ukutani. Simama bila kushika kitu, kisha keti polepole, bila kujiangusha. Magoti yaelekee mbele, yasigongane. Anza mara 5, ongeza hadi mara 10 au 15. Anayeshindwa na aweke mto au blanketi kitini ili kiwe juu zaidi, na atumie mikono mpaka apate nguvu.

La tano, kunyoosha kigimbi. Simama mbele ya ukuta, mikono ukutani, mguu mmoja nyuma, kisigino kimekanyaga chini. Egemea mbele hadi uhisi kigimbi kinavutika. Kaa hivyo kwa sekunde 30, kisha badilisha mguu.

Baada ya hapo, tembea. Anza na dakika 10 mahali tambarare, na kila wiki ongeza kidogo.

Maumivu nayo yana kipimo. Yapime kutoka 0 hadi 10. Maumivu yasiyozidi 3 au 4 wakati wa zoezi, yanayotulia kabla ya asubuhi inayofuata, si ya kutisha. Yakizidi hapo, au goti likivimba, punguza idadi lakini usiache kabisa. Msiseme dawa haifanyi kazi baada ya siku tatu. Misuli hujengeka kwa wiki 6 hadi 12.

Nyumbani na kazini

Anayepalilia kwa kupiga magoti na aweke gunia lililokunjwa chini yake. Anayepika chini na atumie kigoda badala ya kuchuchumaa saa nzima. Katika choo cha shimo, mti imara uliopigiliwa ukutani wa kushikilia humsaidia mzee kuinuka, na hugharimu kidogo kuliko kuanguka. Maji yakigawanywa katika mitungi miwili ya lita 10 humlemea mbebaji kidogo kuliko mtungi mmoja wa lita 20, hata kama safari zitakuwa mbili.

Kuhusu dawa za maumivu, tahadhari inahitajika. Vidonge vinavyonunuliwa dukani bila ushauri, vikimezwa kila siku kwa miezi, vinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kudhuru figo na kupandisha presha. Wazee wenye presha au kisukari wako katika hatari zaidi. Dawa za kienyeji zisizo na lebo na sindano za watu wasio na leseni ziepukwe. Tangu mwaka 2014 Kenya ina sheria inayosimamia kazi ya wataalamu wa fiziotherapia, na mgonjwa ana haki ya kumwuliza anayemtibu kama amesajiliwa.

Wakati wa kwenda hospitali

Yapo magoti ambayo hayafai kuanzishiwa mazoezi nyumbani kabla ya kuonwa na daktari. Nenda kituo cha afya upesi ikiwa goti limevimba, lina joto au limekuwa jekundu, hasa kukiwa na homa. Nenda ikiwa limekwama na halikunjuki, ikiwa linalegea ghafla na kukuangusha, au ikiwa huwezi kulikanyagia baada ya kuanguka au ajali ya pikipiki. Nenda ikiwa maumivu yanakuamsha usiku. Na mtoto anayechechemea bila sababu inayojulikana asingojeshwe.

Ikiwa goti linauma, linakuwa gumu kila asubuhi na kelele zimeongezeka, huenda gegedu imeanza kuchakaa. Hata hapo, mtu asikate tamaa. Matibabu ya kwanza ya magoti yaliyochakaa ni mazoezi na kupunguza uzito, na upasuaji hubaki kwa wachache ambao njia nyingine zimeshindwa kuwasaidia.

Sasa turudi kwa mama wa chai. Akifika zahanati, goti lake likaguliwe, na ikiwa hakuna dalili za hatari, ataanza na leso chini ya goti na kiti kilichoegemezwa ukutani. Wiki za kwanza atalalamika. Kufikia wiki ya nane, huenda akashuka kanisani kwa miguu na kumwambia kijana wa bodaboda apumzike Jumapili hiyo. Na akichuchumaa kuwasha moto, goti huenda bado likalia: ka! Mjukuu atacheka. Safari hii mama anaweza kucheka naye, ainuke, aendelee na kazi yake.

Mwenye swali na amwulize mhudumu wa afya wa kijiji chake, au afike kituo cha afya kilicho karibu.