Walianza na nguo, wakamalizia na ardhi
(Mazungumzo na vijana, Katesh)

Ndugu zangu vijana, mmeniuliza harakati za watu wanaoasi kwa mavazi, nywele na nyimbo zinafanana nini. Nianze na suruali.

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU uliazimia kupiga marufuku vimini, mawigi na suruali za kubana. Operesheni Vijana ikaanza Dar es Salaam Januari 1969. Miaka ileile, mkoani Arusha, ambamo Mbulu ilikuwamo, wafugaji wa Kimasai waliamriwa waache rubega, wavae suruali. Oneni kituko hicho! Mmoja anavuliwa suruali, mwenzake anavalishwa kwa nguvu. Wa mjini ni mhuni, wa porini ni mshamba.

Mahipi wa Marekani walioipinga vita ya Vietnam waliitwa wachafu. Warapu wetu wa miaka ya 1990 waliitwa wahuni, hadi Mr. II alipoingia Bungeni mwaka 2010 kwa tiketi ya Chadema, jimbo la Mbeya Mjini. Watu hawa hawajuani, lakini wote kwanza walitukanwa, na wote walipigana kwa mwili na sauti. Mlalahoi asiye na gazeti atatumia nini kingine?

Lakini jamani, tusidanganyane. Vazi halimnyimi kigogo usingizi kwa muda mrefu. Jinzi za mahipi ziliishia kuuzwa madukani. Na hapa Hanang? Mbarabaig hakuacha shuka yake, wala mkewe sketi ya ngozi. Leo mtalii anawapiga picha. Malisho je? Tangu miaka ya 1970 NAFCO, kwa msaada wa Canada, ililima ngano katika mashamba saba, yapata ekari 100,000, kwenye malisho bora ya Basotu. Matrekta yakapita hata juu ya makaburi ya wazee, bung'eda zenyewe! Kijiji cha Mulbadaw kikashitaki, kikashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaufuta ushindi huo, ikisema, pamoja na mengine, kwamba wengi wa walalamikaji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa mujibu wa sheria. Mbarabaig athibitishe uenyeji Hanang!

Kijana mwenye rasta pale nyuma, sikukatazi, zifuge. Ila niambieni: nani hapa amewahi kuiona kwa macho yake hati ya ardhi ya kijiji alikozaliwa? Inueni mikono, mjadala tuuanzie hapo.