Mapatano Haya Yanalipwa na Nani?

Masomo: Nehemia 5:1-19, Luka 23:12

 

Tarehe 26 Agosti 2019 tulisikia majina ya serikali mpya, na tarehe 6 Septemba Bunge la Taifa likaipokea. Tuliingoja miezi saba, tangu Rais Félix Tshisekedi alipoapa tarehe 24 Januari. Ilikuwa serikali ya muungano ya watu 66, pamoja na Waziri wa Kwanza, Sylvestre Ilunga Ilunkamba. FCC ya Rais wa zamani Joseph Kabila ilipata viti 42, CACH ya Rais Tshisekedi ilipata 23. Siku zile, sokoni na hata kwenye uwanja wa kanisa, watu walihesabu: kabila letu limepata wangapi? Jimbo letu je?

Neno la Mungu linatufundisha hesabu nyingine.

Luka anatuambia kwamba Herode na Pilato walikuwa maadui, lakini siku moja wakawa marafiki. Siku gani? Ni siku ile Yesu alipofungwa na kutumwa kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Wakubwa wawili walipatana, na asiye na kosa akapelekwa msalabani. Basi wakubwa kupatana peke yake si habari njema bado. Lazima tuulize: mapatano haya yanalipwa na nani?

Sasa tumwangalie Nehemia. Wakati wake watu walilia kwa sababu ya njaa. Walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba, na wengine walitoa watoto wao kuwa watumwa. Nehemia alikuwa liwali kwa miaka 12. Mezani pake walikula watu 150, lakini posho ya liwali hakuichukua. Sababu yake ilikuwa mbili: alimwogopa Mungu, na aliona kwamba mzigo wa watu ulikuwa tayari mzito. Meza yake ilikuwa kubwa, lakini maskini hakuilipia.

Ndugu na dada, sisi wa huku tunajua mzigo ni nini. Tarehe 30 Desemba 2018 nchi ilichagua Rais. Beni, Butembo na Yumbi tukaachwa nyuma. Kwetu tuliambiwa ni Ebola na usalama. Makanisa na masoko yalikuwa wazi, lakini mahali pa kura palifungwa. Watu wa Beni walipanga mistari yao wenyewe, wakanawa mikono, wakapiga kura wakijua haitahesabiwa. Tulichagua wabunge tu, tarehe 31 Machi, Rais akiwa ameshaapa. Hata hivyo serikali ile ilikuwa yetu pia, na tulikuwa na haki ya kuitumainia.

Tunatumaini nini? Kwanza, mama aende shamba asubuhi na kurudi jioni akiwa hai. Askari aliye mbele alipwe mshahara wake na apate chakula, ili aweze kumlinda mama huyo. Pili, shule. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya Serikali ni ya bure. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikuwa na miaka 13 mwaka 2019. Umri wa shule ya msingi ulikuwa umempita. Septemba 2019 Serikali ilianza kutimiza neno hilo. Tunamshukuru Mungu, lakini mwalimu naye ana watoto nyumbani. Elimu ya bure isilipwe na njaa ya mwalimu. Tatu, ugonjwa wa Ebola uliua watu zaidi ya 2,000. Tunataka hospitali itakayobaki na dawa hata wageni watakapokwenda zao.

Wengine watasema: Mkristo hatumainii wanadamu, anangoja mbingu. Lakini Paulo anamwambia Timoteo tuwaombee wenye mamlaka, ili tuishi kwa amani. Na mtu akiomba mvua, anaangalia mawingu. Hawezi kuomba halafu asijali kama imenyesha.

Kwa hiyo tufanye hivi. Katika kila kikundi cha maombi tuwaombee mawaziri wote, bila kuchagua aliye wa kabila letu. Wabunge tuliowachagua, wakija likizoni, tuwapokee kwa heshima na kuwauliza: barabara ya shamba, mshahara wa mwalimu, dawa, vimefika wapi? Tuulize bila matusi na bila mawe. Na waziri akitoka kanisani mwetu, tusimpelekee orodha ya watoto wetu wapewe kazi. Tukifanya hivyo, tumeshaketi kwenye meza ambayo maskini anailipia.

Wakubwa wakipatana, Mungu awape woga wa Nehemia, wasipatane kama Herode na Pilato. Na sisi atupe moyo wa kuomba bila kuchoka na macho ya kuangalia bila chuki.

Mungu awabariki. Amina.