Mgeni wa Lobetal

Somo: Warumi 12:14-21

Aliye na Biblia karibu na aifungue Warumi mlango wa kumi na mbili, kisha aiache wazi mezani, maana tutasafiri mbali kidogo kabla ya kuirudia.

Twende Ujerumani ya Mashariki, nchi ambayo leo haimo tena katika ramani. Ilizaliwa Oktoba 1949 katika sehemu iliyoshikwa na majeshi ya Urusi baada ya vita, na mwisho wake ulikuwa Oktoba 1990 ilipoungana na Ujerumani ya Magharibi. Karibu miaka yote hiyo ilitawaliwa na chama kimoja cha kikomunisti. Kwa jina kulikuwa na vyama vingine, hata kimoja kikijiita cha Wakristo, lakini wagombea wote waliwekwa katika orodha moja, na orodha hiyo ilipangwa na wakubwa wa chama tawala. Mpiga kura alipewa karatasi, akaikunja, akaitumbukiza sandukuni, basi. Kibanda cha siri kilikuwako, ila aliyethubutu kuingia humo alitazamwa kwa jicho baya. Katika uchaguzi wa Mei 1989 serikali ilitangaza kwamba karibu watu 99 katika kila 100 wameikubali orodha. Safari hiyo raia, wengi wao watu wa makanisani, walikuwa wamesimama vituoni kura zikihesabiwa, na hesabu yao haikupatana kabisa na ya serikali.

Sisi wa Kenya tusicheke sana. Chama chetu hakikuwa cha kikomunisti, lakini tulikuwa na chama kimoja kwa sheria tangu 1982 hadi 1991, na waliosimama katika mlolongo mwaka wa 1988 wanajua jinsi mstari mfupi ulivyoweza kutangazwa kuwa mrefu.

Chama kile kilichoshika serikali kilishika na riziki. Kufikia 1960 wakulima walikuwa wamesukumwa kuingiza mashamba yao katika ushirika, na mwaka wa 1972 hata viwanda vidogo vilivyosalia mikononi mwa watu vikachukuliwa. Ofisi ya mipango mjini Berlin ndiyo iliyoamua viatu vingapi vishonwe na bei iwe gani. Lazima tuseme haki: watu hawakulala njaa. Kazi ilikuwako, kodi ya nyumba ilikuwa ndogo, akina mama walipata mahali pa kuwaacha watoto wakienda kazini, na mkate ulikuwa rahisi mno hata wengine wakawalisha sungura na nguruwe. Mzazi anayenisikiliza huku akihesabu karo ya muhula ujao hawezi kuyadharau hayo. Lakini aliyetaka motokaa ndogo ya Trabant aliandikisha jina lake akangoja zaidi ya miaka kumi.

Na kahawa! Wazee wetu wa Murang'a na Kisii wanakumbuka bei nzuri ya 1976 na 1977, baada ya baridi kali kuunguza mibuni ya Brazil mwaka wa 1975. Bei ile ile iliyowaezekea mabati watu wa kwetu iliitesa Ujerumani ya Mashariki, iliyokuwa na upungufu wa fedha za kigeni. Mwaka wa 1977 serikali ikatoa kahawa iliyochanganywa karibu nusu kwa nusu na vitu vingine, na wananchi waliokuwa wamevumilia mengi wakashindwa kuivumilia. Malalamiko yakamiminika.

Hayo ya kahawa ni madogo. Kabla ya Agosti 1961 zaidi ya watu milioni mbili na nusu walikuwa wamehamia Magharibi, ndipo serikali ikajenga ukuta katikati ya Berlin, na waliojaribu kuuvuka wakapigwa risasi. Kulikuwa na idara ya usalama iliyoitwa Stasi. Mwaka wa 1989, katika nchi ya watu kama milioni 16, idara hiyo ilikuwa na waajiriwa karibu 91,000, na zaidi yao wapelelezi wa siri wapatao 170,000 na kuzidi, yaani jirani, mfanyakazi mwenzako, mwalimu wa mtoto wako. Naona uchungu kusema kwamba hata wachungaji wengine walikuwamo. Majalada yalipofunguliwa mwaka wa 1992, watu walisoma ni nani aliyekuwa akipeleka habari zao.

Hata hivyo naamini njia iliyopenya ndani zaidi ya nyumba za watu ilikuwa shule. Kuanzia 1955 serikali ilikuwa na sherehe yake ya vijana wa miaka kumi na minne, umri ule ule wa Kipaimara, na humo kijana aliahidi uaminifu wake kwa taifa la kisoshalisti. Hakuna askari aliyebisha hodi. Mzazi alifahamishwa tu kwamba kijana asiyeshiriki huenda asipate nafasi ya kuendelea na masomo. Mzazi gani asingetetemeka hapo? Mwaka wa 1950 karibu watu wanane katika kila kumi walikuwa washiriki wa makanisa ya Kiprotestanti. Kufikia 1989 hawakufika hata theluthi.

Sasa tufike Lobetal, kijiji kilicho kaskazini-mashariki ya Berlin. Huko kanisa lina makao ya wazee, wagonjwa wa kifafa na watu wenye ulemavu, kazi iliyoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh kwa ajili ya watu wasio na makao. Kiongozi wake alikuwa mchungaji Uwe Holmer, mwenye watoto kumi. Wanane kati yao walinyimwa nafasi katika shule ya juu iliyofungua mlango wa chuo kikuu, wala haikuwa kwa sababu ya alama mbaya. Na Waziri wa Elimu tangu 1963 hadi 1989 alikuwa mama mmoja jina lake Margot Honecker, mkewe Erich Honecker, mkuu wa chama na wa nchi.

Honecker huyu naye alikuwa ameonja kifungo. Wanazi walimkamata mwaka wa 1935 kwa ajili ya ukomunisti wake, akakaa gerezani mpaka 1945. Mtu aliyeteswa kwa kile anachokiamini akaja kuwafungia wengine mlango kwa kile wanachokiamini. Oktoba 1989 wenzake wakamwondoa, Novemba ukuta ukafunguka, Desemba chama chake mwenyewe kikamfukuza. Mwishoni mwa Januari 1990 alitoka hospitali, mgonjwa wa saratani, hana nyumba. Wakili wake akaliomba kanisa msaada.

Makao ya wazee ya Lobetal yalikuwa yamejaa, na wengine walikuwa wakingoja zamu yao. Holmer hakuona ni haki kumruka mzee yeyote. Basi yeye na mkewe Sigrid wakawapa Erich na Margot vyumba vya juu katika nyumba yao wenyewe, wakala nao mezani. Barua za hasira zikaja, vitisho vya bomu vikaja, watu wakaandamana nje, na wengine wakasema hawatatoa tena sadaka kwa kazi ya Lobetal. Siwalaumu upesi. Kati yao walikuwako waliopoteza miaka gerezani. Holmer alijibu kwamba watu wanaosali Sala ya Bwana kila siku wamekwisha kuahidi kusamehe, na kwamba Bwana huwaita wote waliolemewa.

Itazame sasa Biblia yako. Wengi wetu tukitaka kusema juu ya serikali hukimbilia Warumi mlango wa kumi na tatu, ule wa wenye mamlaka. Paulo hakuandika milango, aliandika barua moja, na kabla ya kufika kwa mwenye mamlaka anapita kwanza kwa adui mwenye njaa na kuagiza alishwe. Kisasi anamwachia Mungu. Holmer hakusema kwamba watoto wake hawakuonewa, wala hakumfichia Honecker mahakama. Kesi ilifunguliwa Berlin mwaka wa 1992, ikakatizwa kwa sababu ya ugonjwa, naye akafa nchini Chile mwaka wa 1994. Margot alimfuata mwaka wa 2016, akiutetea utawala ule mpaka mwisho. Mchungaji Holmer alifariki mwaka wa 2023. Wageni wake walikaa kwake wiki kama tisa, wakaondoka Aprili 1990 kwenda hospitali ya jeshi la Kirusi.

Kesho wakati kama huu, Mungu akitujalia, tutausoma huo mlango wa kumi na tatu. Bwana awabariki.