Ukali Uliozaliwa na Hofu

 

Huenda umesikia habari za eneagramu, mafundisho yanayogawa tabia za watu katika aina tisa. Oscar Ichazo wa Bolivia aliyafundisha huko Arica, Chile, na mwaka 1970 daktari wa akili Claudio Naranjo alikwenda kujifunza kwake, kisha akayapeleka California.

Watu wengi wakiisha kupata nambari yao hutulia. Lakini kila aina imegawanyika tena mara tatu, ndiyo kusema ziko 27, kwa kufuata jambo ambalo mtu hulihangaikia zaidi: usalama wa maisha yake, mahali pake kati ya watu, au uhusiano wake na mtu mmoja mmoja. Hapo ndipo wengi hujikosea.

Mimi nilijihesabu kuwa wa nane, yaani watu wa nguvu wasiokubali kutawaliwa. Nyumbani nilikuwa mkali. Mtoto akichelewa dakika kumi, sauti yangu ilisikika mpaka kwa jirani. Nami nilijisifu, nisiwafiche. Jioni moja mke wangu akaniuliza polepole, "Baba Wambui, ulikuwa unaogopa nini?" Nilikasirika. Usiku ule usingizi ukanipaa, kwa sababu jibu nilikuwa nalo: niliogopa kwamba mtoto amegongwa na gari.

Hofu ndiyo shina la aina ya sita, lakini watu wake hawafanani. Wako wanaotafuta joto la marafiki. Ni wapole, hawataki kumuudhi mtu. Wengine hushika kanuni, wakauliza mkubwa amesema nini. Na wako wale ambao wakiogopa husonga mbele, hupaza sauti na kukunja ngumi, hata ukiwatazama huwezi kudhani kwamba wana woga. Mkumbuke Petro. Alichomoa upanga bustanini mbele ya watu wenye silaha, na usiku uo huo, penye moto, kijakazi mmoja alitosha kumtetemesha.

Basi orodha ya maswali haitoshi, maana sisi hujibu kwa kujipendelea. Litazame tendo lako, kisha rudi nyuma hatua moja: kabla sijapaza sauti, moyo ulikuwaje? Waulize na wanaoishi nawe. (Kama u mkali kama mimi, waulize siku ambayo hujakasirika!) Wala mtu asidhani kwamba hiki ni kipimo cha hospitali, wataalamu wengi wa elimu ya nafsi hawakikubali. Mimi nakitumia kama tochi tu.

Juma lililopita Wambui alichelewa tena. Nilisimama mlangoni, mkono tayari kwenye kitasa. Alipoingia nikamwambia, "Mwanangu, nimeogopa."

Akanitazama kwa muda. Kisha akaweka mkoba wake chini, akaanza kunieleza jinsi gurudumu la matatu lilivyopasuka njiani.