Land Cruiser yetu na mafuta ya sintetiki
Maneno ya kamati ya usafiri mbele ya mkutano wa wanamemba, Banalia



Mkutano uliopita muliuliza swali: Land Cruiser yetu ibaki kwenye mafuta ya moteri ya kawaida, ao tuiingize kwenye sintetiki? Wamoja walisema sintetiki itaiponyesha. Wengine walisema itaiua. Mfadhili mmoja aliandika kwamba yuko tayari kulipa. Leo tunaleta jibu na sababu zake, maana pesa ni ya kotizasio yenu na motokari ni moja tu. Ikikufa, mama mwenye kuzaa kwa shida atabebwa na pikipiki kilomita 128 mpaka Kisangani.

Kwanza, tuelewe vitu. Mafuta ya kawaida, yale wanaita minerali, ni petroli ya chini ya udongo iliyosafishwa. Sintetiki inatengenezwa kiwandani kwa kemia. Faida zake ni za kweli: joto kali haliiharibu upesi, haipotei mingi kwa mvuke, na inasaidia kuweka moteri safi. Kwenye inchi za baridi inatembea mbio asubuhi moteri ikiwashwa. Lakini faida hiyo siye watu wa Aruwimi haitugusi sana. Barafu tunaionaka kwenye frigo tu.

Pili, ile hofu ya kwamba sintetiki inatobosha moteri ya zamani. Haikutoka bure. Sintetiki za kwanza zilizoenea miaka ya 1970 hazikupatana vizuri na jointi za mipira. Mafuta ya minerali yanavimbisha jointi kidogo, na zile sintetiki ziliziacha zikauke. Siku hizi viwanda vinatia dawa ya kulinda jointi, kwa hiyo shida hiyo imepungua sana. Inabaki shida nyingine. Katika moteri iliyozeeka, uchafu unajikusanya pale jointi imeisha, unaziba. Sintetiki ikiusafisha, mafuta yanaanza kudondoka. Ni kama kutoa matope kwenye nyungu yenye ufa: ufa ulikuwa pale tangu zamani. Na ule uchafu uliong'oka unaenda kwenye filtri, unaweza kuiziba.

Tatu, motokari yetu yenyewe. Moteri yake ni 1HZ, ya mazuti, silinda 6, lita 4.2, aina ambayo Toyota walianza kuitengeneza mwaka 1990. Ni moteri ngumu na rahisi, na 15W-40 ya kawaida inaitosha. Kila vidanji inakula karibu lita 10, ni kusema bidoni mbili za lita 5. Fundi ameiangalia: jointi ya nyuma inavuja, moshi unatoka wa bluu, na kati ya vidanji na vidanji tunaongeza zaidi ya lita 2. Moteri yenye kunywa mafuta itakunywa na sintetiki vilevile, tofauti ni kwamba itakunywa kitu cha bei kali. Chuma kilichokwisha hakirudishwi na mafuta ya aina yoyote.

Tena, kule Ulaya sintetiki inalipa gharama yake kwa sababu mtu anatembea kilomita 10,000 ao zaidi bila vidanji. Kwetu kuna vumbi, matope, vitesi vya chini kwenye mashimo, moteri kuwaka bure tukingoja baki ya kuvuka Aruwimi. Masizi ya mazuti na vumbi vinaingia katika mafuta yote, ya bei ndogo na ya bei kubwa. Ingetupasa kuyamwanga mapema vilevile.

Basi tunapendekeza hivi:

Moja. Tubaki na minerali 15W-40 ya moteri za mazuti. Kwenye bidoni, angalia herufi za API: zile zinazoanza na C ni za mazuti, mfano CI-4. Zinazoanza na S peke yake ni za esansi.

Mbili. Vidanji kila kilomita 5,000, na filtri siku ileile, iandikwe katika daftari. Mafuta kuwa meusi si alama. Kwa mazuti yanakuwa meusi upesi. Lakini yakiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia: musiwashe moteri, muite fundi.

Tatu. Feza ya mfadhili, kama anakubali, ianzie kwenye jointi ya nyuma, filtri za mafuta na filtri ya hewa. Kisha tuhesabu vidanji mbili. Kama moteri imeacha kukunywa, swali la sintetiki lirudi hapa. Siku hiyo tutachukua unene uleule, vidanji ya kwanza tutaifanya mapema, kilomita 2,000, pamoja na filtri, na kila asubuhi shofere ataangalia chini ya motokari.

Ine. Tununue bidoni zenye kifuniko ambacho hakijafunguliwa. Bidoni tupu tuzitoboe, mtu asizijaze mafuta machafu na kuziuza. Mafuta ya zamani yasimwangwe mtoni. Aruwimi ndiyo inatulisha samaki.

Shofere mmoja aliuliza: nikikwama katikati ya pori na nikipata sintetiki tu, nitie? Ndiyo, tia. Aina hizo mbili zinachanganyika bila kudhuru. Kinachoua moteri ni kukosa mafuta.

Pendekezo liko mbele yenu, litapigiwa kura leo. Daftari la motokari liko kwa katibu, na kila mwanamemba ana haki ya kulifungua.