Damu ya Mama Inasema Nini?



Leo tuongee juu ya kifafa cha mimba. Najua wengine mnajiuliza, "Sisi yatuhusu nini, wakati bado tuko shule?" Yanawahusu. Ugonjwa huu huwapata zaidi wenye mimba ya kwanza. Tena nyumbani una dada, shangazi au mama. Siku akilalamika kichwa kinamuuma, huenda wa kwanza kumsikia ukawa wewe.

Wapo wanaosema ni mashetani, au mama karogwa. Si kweli. Chanzo kiko kwenye kondo la nyuma, linalompa mtoto chakula na hewa. Kondo lisipopata damu vizuri, humwaga kwa wingi protini iitwayo sFlt-1 kwenye damu ya mama. Protini hiyo huikamata nyingine, PlGF, ambayo kazi yake ni kuitunza mishipa ya damu. Hapo mishipa huumia: presha inapanda, figo zinavujisha protini kwenye mkojo, na mwisho mama anaweza kuanguka kifafa. Mwaka 2003 Ananth Karumanchi na wenzake wa Boston, Marekani, walionyesha kuwa panya wenye mimba wakipewa sFlt-1, presha yao hupanda.

Sasa basi, kama protini hizo ziko kwenye damu, si zinaweza kupimwa? Ndiyo. Unagawa kiasi cha sFlt-1 kwa kiasi cha PlGF. Utafiti wa nchi 14 uliotangazwa mwaka 2016 uliwapima akina mama walioshukiwa kuwa na tatizo. Kati ya waliopata 38 au chini, zaidi ya 99 katika kila 100 hawakuugua wiki iliyofuata. Na waliozidi 38? Hata hao, waliougua ndani ya wiki 4 hawakufika 40 katika 100. Kwa hiyo kipimo hiki kinajua zaidi kumtuliza mama kuliko kumtabiria mabaya. Uingereza ilikikubali mwaka 2016, na Marekani ikaidhinisha cha aina hiyo mwaka 2023.

Mtasema, "Zahanati yetu haina mashine hiyo!" Kweli, ni ya gharama. Lakini kuna vitu viwili vya zamani: mashine ya presha na kipimo cha mkojo. Baada ya wiki 20 za mimba, presha ikifika 140 kwa juu au 90 kwa chini, mama asisubiri, aonwe na daktari. Mwenye hatari kubwa akigundulika mapema, daktari anaweza kumwanzishia aspirini kidogo kila siku, vizuri kabla ya wiki 16. Usimnunulie mtu dukani! Na ugonjwa ukishakuwa mkali kuna dawa ya magnesiamu salfeti. Utafiti wa mwaka 2002 katika nchi 33 ulionyesha kuwa inapunguza hatari ya kuanguka kifafa kwa nusu hivi.

Lakini yote hayo yanamfaa aliyefika kliniki. Msichana anayeficha mimba hafichi tumbo peke yake, anaficha na presha. Presha haina kelele. Anaweza kujiona mzima kabisa. Kwa hiyo rafiki yako akikunong'oneza kwamba ana mimba, usimcheke wala usimtangaze. Msindikize kliniki. Na wewe mvulana unayehusika, usikimbie. Nauli ya kwenda kliniki inakuhusu.

Shikeni dalili hizi:

- kichwa kuuma sana bila kutulia;
- macho kuona ukungu au vimulimuli;
- uso na mikono kuvimba ghafla;
- maumivu makali chini ya mbavu.

Ukiona hata moja, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na akishajifungua msijisahau, kwa maana kifafa kinaweza kuja hata baada ya mtoto kuzaliwa.

Haya, nani ana swali?